Datsun 240Z iliyoliwa na kutu: tunaifufua Moshi kwa hela ya kuungaunga, rangi ni ya mwisho

Kabureta_Mbili (mleta uzi)

Wakuu salaam. Humu ndani nyuzi za magari ni IST, Crown na Harrier mpaka inachosha, ngoja nilete kitu cha kizee kidogo.

Nimepata Datsun 240Z ya 1972 huku Kibosho, usukani kulia, kwa mzee mmoja mstaafu. Imekaa miaka mingi chini ya banda lenye bati za matobo pembeni ya migomba, kuku wanataga pale nyuma ya siti pa kuwekea mizigo. Injini haizunguki, tairi zimekufa, na kutu ndo mwenye gari sasa hivi, sisi wengine tunaomba tu nafasi.

Kwa ambao hamuijui, hii ni ile Datsun ya milango miwili yenye boneti refu, inabeba watu wawili tu, silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa injini cc 2393, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Japan ilitoka mwishoni mwa 1969 ikiitwa Fairlady Z. Huku kwetu heshima yake ilitokana na yale mashindano ya magari ya Safari Rally, 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo na 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, kwa iyo wazee wa zamani wakiiona wanavua kofia kabisa.

Sasa hali yake. Nimeipitia yote na vitu viwili tu, bisibisi na sumaku. Sumaku unaifunga kitambaa laini isichubue, unaitembeza taratibu kwenye bodi, ikishika vizuri hapo kuna bati, ikilegea hapo kuna puti, ile plasta ya kusawazishia bodi kabla ya rangi, imepakwa nene. Upande wa kushoto kwenye ile kona ya nyuma ya mlango kabla ya tairi ikadondoka yenyewe. Nikagonga na mpini wa bisibisi, likabanduka pande zima la puti unene wa kidole gumba, na nyuma yake kulikuwa na gazeti limesokomezwa. Gazeti wakuu! Mtu alijaza tundu kwa gazeti, akapaka puti, akapiga rangi, akapokea hela yake akaondoka.

Sakafu ya dereva ukikaa unaona majani. Pale betri inapokaa tindikali imekula mpaka bati la chini. Chini ya waipa ndo kuna chanzo cha msiba wote, majani makavu ya mgomba yameziba njia za kutolea maji, kwa iyo kila mvua ikinyesha maji yanatuama pale halafu yanatafuta njia ya kushukia ndani, yanafika sakafuni yanakaa chini ya kapeti miezi. Gari haikuozea nje, imeozea ndani ikielekea nje.

Bajeti ni milioni tano ya kuanzia, zingine zitakuja kadiri Mungu atakavyojalia. Na msimamo wangu ni mmoja, hela yote ya mwanzo inaenda chini ya gari, bati na kuchomelea. Rangi siigusi mpaka chini pawe pazima, hata ikichukua miaka miwili. Hapa mjini nimeona gari za kizamani zimepigwa nyekundu inang'aa, unapiga nayo picha, masika moja tu vipele vinaanza kutoka kwenye milango.

Karibuni tujadili, nahitaji sana mawazo ya mafundi wa bati.

---

Mangi_wa_Pasua

Milioni tano unaweka kwenye skrepa?? Mkuu ongeza kidogo utafute IST ya mkononi uanze kupiga hela. Hiyo Datsun wapelekee wale wanaopima kwa kilo

---

ChaliiWaNgarenaro

Nakaa pale mbele kabisa na karanga zangu. Uzi bila picha ni majungu, tupia picha ya hilo gazeti

---

Kabureta_Mbili

@Mangi_wa_Pasua IST kila mtu anayo mangi, yangu hata trafiki atanisimamisha aiangalie kwanza ndo akumbuke kuuliza leseni 😂

@ChaliiWaNgarenaro picha zinakuja, intaneti ya huku mlimani unaijua mwenyewe.

---

Fundi_Bati_Unga

Mleta uzi umeanza vizuri sana, nakupongeza. Mimi nipo Unga Limited Arusha, kazi yetu kubwa ni Land Cruiser za watalii, tunazikata katikati tunazirefusha na kuziweka paa la kufunguka, kwa iyo kukata na kuunga chuma ni chai ya asubuhi. Ila nikwambie ukweli, fundi anayejua kurefusha Cruiser siyo lazima aijue hiyo ya kwako. Cruiser ina chesisi yake nene inajitegemea, hata bodi ikioza gari inatembea. Hiyo 240Z bodi yenyewe ndo chesisi. Yale maboksi ya chini ya milango na zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu ndo mgongo wa gari, ukizikata hovyo gari inajikunja katikati kama daftari, milango haifungi tena maisha yako yote.

Kwa iyo kabla hujashika grainda fanya hivi. Gari ikae kwenye stendi sehemu ngumu, pale pale inapobebea uzito, usiache inaning'inia kwenye jeki mbili za mbele. Halafu funga mlango, angalia nafasi kati ya mlango na bodi juu na chini, chukua vipimo uandike kwenye karatasi. Kisha chomelea bomba za mraba ndani ya tundu la mlango, moja kutoka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma, nyingine mshazari. Hizo ni za muda, kazi ikiisha unazikata. Upande mmoja kwanza mpaka uishe ndo unahamia mwingine, na hapohapo usitoe boksi lote kwa mkupuo, toa kipande weka kipande.

Na pima mshazari chini ya gari, kutoka kona ya mbele kulia kwenda nyuma kushoto halafu kinyume chake. Zikitofautiana ujue gari ilishagongwa kabla ya kuoza, na hapo tunaongea mengine.

Suala la bati, la sakafu ya hiyo gari ni jembamba, halifiki hata milimita moja. Tumia geji 20 ambayo ni karibu milimita 0.9, kwenye zile reli panda geji 18 ambayo ni karibu 1.2. Watu wanadhani bati nene ndo uimara, wanaleta la milimita mbili, halafu ukichomelea nene kwenye jembamba, lile jembamba linayeyuka linakimbia, unabaki unafukuza tundu mpaka usiku. Na usithubutu kuniletea vipande vya bati la nyumba lenye zinki. Moshi wake mweupe ule ukichomelea ukauvuta, jioni unatetemeka homa unadhani ni malaria.

---

dogo_spana

Fundi swali, mie nina mashine ya kawaida ya kuchomelea kwa fimbo pale home, haitoshi kwa sakafu?

---

Fundi_Bati_Unga

Fimbo kwa bati la namna hiyo utatoboa kila sekunde, labda uwe umezaliwa nayo mkononi. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, waya wa 0.6 au 0.8, umeme uushushe. Na usivute mstari mrefu. Piga doa moja hapa, ruka piga pale, ruka tena, acha ipoe, rudi ujaze katikati. Ukivuta mstari mmoja bati linapata joto linajikunja, unakuta sakafu ina mawimbi. Ukipata kipande cha shaba kiweke nyuma ya tundu kinabeba joto na chuma hakigandi kwenye shaba.

Cha mwisho leo, kata kutu yote mpaka ufike kwenye bati zima linalong'aa. Usiweke kiraka juu ya kutu. Kiraka kikilala juu ya bati bovu katikati pale maji yanakaa, miaka miwili umerudi palepale na bati la kiraka nalo limekufa.

---

Mzee_Safari

Vijana mmenikumbusha mbali. Enzi hizo ikiitwa East African Safari, inapita nchi zote tatu, ni wakati wa Pasaka na mvua, tope mpaka magotini. Na mleta uzi ngoja nikuongezee, 1973 Mehta hakushinda kirahisi. Yeye na Msweden Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, ndo Mehta akapewa. Na katikati hapo, 1972, Hannu Mikkola na Ford Escort akachukua, msiseme Datsun ilishinda kila mwaka.

Mehta alizaliwa Uganda, ushindi wake wa mwisho ni 1982, jumla alichukua mara tano, hiyo ya kwanza tu ndo ya 240Z.

---

Kabureta_Mbili

Shikamoo mzee wangu, asante kwa darasa. Ukipita Moshi karibu uikalie hata kama haiwaki.

---

Mzee_Safari

Marahaba. Nikikaa sakafu itanishika?

---

Kabureta_Mbili

😂😂 tusubiri kidogo mzee

---

ChaliiWaNgarenaro

Kwa upande wangu unakosea mpangilio mwanangu. Washa injini kwanza! Ukisikia silinda sita zinaimba unapata moyo, hata mama watoto akinuna unamwashia. Ukianza na bati miezi sita unaona matobo tu, unakata tamaa unaiuza kwa hasara. Nimeona machalii wengi huku Chuga (Arusha) wameishia hivyo, gari ipo kwenye matofali mpaka nyasi zimepita juu ya boneti.

---

Kabureta_Mbili

Hoja yako naielewa na ni ya kweli, moyo nao ni spea. Lakini angalia hesabu, hii injini yake, L24, ukiitengeneza leo unaiweka kwenye gari isiyo na sakafu, halafu fundi anakuja kuchomelea cheche zinarukia mipira na waya mpya, mwisho unaishusha tena. Unalipa mara mbili. Nilichofanya injini ni kitu kimoja tu, nimefungua plagi zote sita, nikamimina mafuta ya gia ya otomatiki niliyochanganya na asetoni kila silinda, nikaacha ilale. Kila siku mbili tatu naweka spana kwenye boliti ya puli ya mbele najaribu kuitikisa mbele na nyuma kwa mkono, bila hasira. Starta siigusi kabisa, ukilazimisha ringi zilizoganda unavunja.

Na ikija kushindikana kabisa L siyo injini ya kulilia. L28 ilifungwa kwenye Nissan Patrol za zamani za petroli, ni familia moja, cc 2753. Patrol iliyokufa ni rahisi kuipata kuliko 240Z nyingine.

---

Mwalimu_Kemia

Habari za humu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, magari siyajui ila kutu naijua 😊 Mleta uzi vile vitu vidogovidogo, bawaba, mabano, boliti, utavisafishaje? Maana kukwangua kila kimoja na brashi ya waya utazeeka.

---

Kabureta_Mbili

Mwalimu umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Natumia molasi!

Sisi watu wa Moshi tumebarikiwa, kiwanda cha sukari cha TPC kipo hapo chini, na molasi ya kulishia ng'ombe unaipata kwenye maduka ya pembejeo kwa bei ya kawaida. Nimechukua pipa la plastiki, sehemu moja molasi sehemu tisa maji, nikakoroga, nikatumbukiza bawaba za milango, mabano ya bampa, jeki ya gari, pedali zote. Unafunika unaondoka. Baada ya wiki unachomoa unapiga maji, kutu inatoka yenyewe nyeusi nyeusi, chuma kinabaki cha kijivu kisafi mpaka ndani ya nyuzi za boliti ambako brashi haifiki. Zile zilizooza sana zinataka wiki mbili mpaka tatu. Uzuri wake chuma kizima haikili, inakula kutu.

Masharti sasa. Ondoa grisi na rangi kwanza maana molasi haipiti kwenye mafuta. Usiweke kitu cha aluminiamu, kabureta, silinda hedi ya hii injini, vyote ni aluminiamu, vitaliwa. Ukichomoa osha, kausha haraka kwa jua au moto, paka praima siku hiyohiyo, maana kile chuma kiko uchi na huku asubuhi kuna umande, unaamka unakuta kishaanza rangi ya chungwa. Na harufu jamani... inachacha, siku ya tano jirani aliniuliza kama nimeanza kupika gongo. Nyuki na nzi wanakuja wote. Funika na wavu, na maji yake yaliyotumika usimwage kwenye mfereji, watu wanamwagilia mboga.

---

Mangi_wa_Pasua

Kwa hiyo ng'ombe wanakosa molasi kwa ajili ya Datsun

---

Mwalimu_Kemia

Hiyo ya molasi ni sahihi, zile asidi laini zinaikamata kutu zinaitoa kwenye chuma. Ila kuna njia ya haraka zaidi na malighafi yake pia ni ya kwetu, magadi. Chukua ndoo ya plastiki, magadi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne au tano za maji. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani siyo hizi zenye akili zinazojizima. Waya wa hasi unaushika kwenye kitu chenye kutu, wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu usichokihitaji, visigusane. Ukiwasha unaona vipovu, kutu inalegea ndani ya saa chache, unasugua na brashi laini inatoka.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa maana nimeona vijana wanafanya vibaya. Msitumie chumvi badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Msitumie sufuria au kijiko cha stenlesi upande wa chanya, maji yanapata kromiamu yenye sumu. Na vile vipovu ni haidrojeni, fanyia nje, usivute sigara karibu, na zima chaja kwanza ndo ushike waya, cheche moja inatosha.

---

dogo_spana

Hii uzi imekuwa shule sasa. Mwalimu ungenifundisha wewe nisingepata F ya kemia

---

Mwalimu_Kemia

Ungekuja na spana darasani ningekutoa nje 😄

---

Karani_Mstaafu

Mimi naleta la karatasi maana naona mmelisahau. Kabla ya kuchomelea chochote, linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Kwenye hizo Datsun namba imegongwa kwenye bati la kati ya injini na dashibodi, ukifungua boneti unaiona. Ya usukani wa kulia inaanza na HS30, ya kushoto HLS30. Mkuu hilo eneo mwambie fundi asiliguse na grainda, asilikwangue, asilichomelee. Namba ikifutika huna gari, una chuma. Na kama kadi bado ina jina la yule mzee nenda naye TRA mkabadilishe umiliki akiwa hai na anakumbuka, usisubiri uanze kufukuzana na warithi.

Kwa wale wanaowaza kuagiza moja nzima kutoka nje, kumbukeni ushuru wa uchakavu, gari ya umri huo inaupata wote. Ndo maana hizi zilizobaki mashambani zina thamani kuliko mnavyodhani.

---

Kabureta_Mbili

Mkuu asante sana. Namba ipo, inasomeka, inafanana na kadi, na mzee ameshasaini mkataba mbele ya balozi wa nyumba kumi na mwanae wa kwanza. Nimepaka grisi pale nikafunika na plasta, fundi akitaka kupagusa anagongana na mimi.

---

Kabureta_Mbili

MREJESHO wakuu. Sakafu ya dereva imeisha na reli yake ya chini imeisha. Nilimpata fundi wa Majengo mwenye mashine ya waya, nikampelekea ushauri wa Fundi_Bati neno kwa neno, mwanzo alinuna, akasema yeye amechomelea kabla sijazaliwa. Tukaweka zile bomba za mlangoni. Alipokata boksi la chini ya mlango akajaribu kufungua mlango akaona hata haujacheza, akatulia.

Nafasi ya mlango baada ya kazi ni ileile ya kwenye karatasi. Hapo nilikunywa soda mbili.

Hela imekwenda kuliko nilivyopanga, siyo kwa sababu ya bati, bati ni rahisi. Kinachokula ni diski za grainda, gesi na posho ya mchana. Mtu anayepanga bajeti aweke diski nyingi kuliko anavyodhani.

Sasa swali, ndani ya yale maboksi yaliyofungwa brashi haifiki, mnazuiaje kutu isirudi? Mmoja kaniambia nimwage oili chafu.

---

Fundi_Bati_Unga

Safi sana, msalimie huyo fundi.

Oili chafu tumemwaga miaka yote kwenye lori, inasaidia ila inadondoka, inachafua, inalainisha mipira, na ikifika sehemu utakayopaka rangi baadae rangi haishiki. Kwa gari ya kutunza changanya nta ya nyuki na tapentaini na oili safi kidogo. Yeyusha nta kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, usiweke moto moja kwa moja, na tapentaini uitie ukiwa umeshaitoa mbali na moto kabisa. Ikiwa ya vuguvugu inapita kwenye bomba la kompresa, nyunyizia ndani kupitia matundu ya kutolea maji. Ikipoa inashika. Lakini fanya hivyo baada ya kuchomelea KUISHA kabisa, ukichomelea juu ya nta gari inawaka.

Na yale matundu ya kutolea maji usiyazibe! Nimeona mtu amechomelea mpaka matundu, anasema anazuia maji yasiingie.

---

Rangi_na_Msasa

Naongezea la praima maana masika inakuja. Praima ya kawaida ya kijivu haizuii maji, inapitisha. Watu wanapaka praima wanaacha gari nje miezi wakitafuta hela ya rangi, maji yanapenya chini kimyakimya, unakuja kupiga rangi juu ya kutu mpya. Kama rangi ni ya mwakani, juu ya bati jipya paka epoksi ya vipande viwili, hiyo inaziba. Ni ghali ukilinganisha na ile ya kopo la kawaida, ila unanunua kidogo kwa sehemu zilizochomelewa tu. Na ziba viungio vyote vya bati kwa sila ya bodi kabla ya rangi, fundi wengi wanaruka hapo.

---

ChaliiWaNgarenaro

Injini je?? Mimi nipo hapa kwa ajili ya injini

---

Kabureta_Mbili

Inazunguka! Wiki iliyopita spana ilisogea kidogo, leo imezunguka raundi nzima kwa mkono. Bado sijaiwasha wala sitaiwasha karibuni, tanki la mafuta lina kutu ndani inayonuka vanishi. Tanki lenyewe nalo litaenda kwenye molasi, nitatia na kokoto ndani nilitikise. Na kwa yeyote mwenye wazo la kuchomelea tanki, hapana, mvuke wa petroli haujali kwamba limekaa tupu miaka.

Breki pia nafungua zote, mipira yote ya ndani mipya, mafuta ya breki ya zamani yalitoka rangi ya chai.

---

dogo_spana

Mkuu mie kuna Celica ya zamani nimeiona Usa River imeegeshwa uani, mwenye nayo anataka laki nane. Niende na nini kuikagua? Nisije nikanunua gazeti.

---

Kabureta_Mbili

Sumaku, bisibisi, tochi na nguo unayoweza kulala nayo chini. Bodi ya juu usiiangalie sana, rangi itakudanganya. Anza chini ya betri, nyanyua kapeti zote, ukikataliwa kunyanyua kapeti umeshapata jibu. Chini ya tairi ya spea, kona za nyuma ya milango, na pale shokapu za mbele zinaposhikilia juu ndani ya boneti, hapo kukioza kaa mbali labda uwe na fundi wa ukoo. Namba ya chesisi ikikwanguliwa, funga boneti, aga vizuri, panda daladala. Na kama unaweza nenda asubuhi mvua ikiwa imenyesha usiku, gusa sakafu kwa mkono chini ya kapeti, maji yatakuonyesha mwenyewe yanakoingilia.